Umemwaga chupa nzima na bado ni pinki

Saa nne usiku simu inaita mlio wa ujumbe. Picha: bakuli la krimu ya siagi, rangi ya ufizi. Chini yake: "Dada, nimemaliza chupa nzima ya rangi nyekundu. Keki ya gari la zimamoto ni ya kesho. Niongeze chupa nyingine?"

Usiongeze. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, kwa zimamoto, kwa wadudu wekundu wenye madoa, kwa kofia za maharamia, na leo naliandika mara moja ili mwingine akiniuliza nimtumie hapa nikalale.

Imani yenyewe ni kwamba rangi ikikataa kukolea, dawa yake ni rangi zaidi. Hayo ni mambo ya chai na majani yake. Siagi haina tabia ya chai. Rangi ile ya majimaji, ya kudondosha, huyeyuka kwenye maji, na siagi ni mafuta kwa asilimia 80 hivi, maji hayafiki hata asilimia 20. Kwa hiyo rangi inajibana kwenye vitone vichache vya maji vilivyomo, mafuta yote yanayovizunguka yanabaki vilevile, meupemeupe yenye njano. Ukimwaga chupa ya pili umeongeza maji kuliko wekundu. Krimu inakatika, inakuwa punjepunje, na ukionja utaikunja sura.

Halafu kuna hewa, jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Maji ya bahari hayana weupe, lakini povu lake ni jeupe pe. Ni viputo vinavyotawanya mwanga. Sasa wewe umeipiga krimu kwa mashine dakika 10 hadi imekuwa kama pamba, umeijaza mamilioni ya viputo, ndipo unatia rangi na kuipiga tena "ichanganyike vizuri". Kila mzunguko wa mashine unapausha kile ulichokitia. Nimewaona watu wakifanya hivyo huku wakiilaani kampuni ya rangi.

Ninavyofanya mimi: rangi ya jeli, ile nzito yenye maji machache, au ya mafuta nikiipata, na kazi inafanyika siku moja kabla. Hiyo siku moja si pambo la maelezo, ndiyo kazi yenyewe. Nikishatia rangi nachota vijiko vitatu vya krimu pembeni, naviweka kwenye maikrowevu sekunde 10, pengine 15, hadi vilegee na kung'aa kama uji mwepesi. Hapo utaona kwa macho yako: pinki ile ile, ikishayeyuka, inageuka nyekundu bila kuongezwa hata tone, kwa sababu hewa imetoka na rangi imepata njia ya kuenea. Navirudisha kwenye bakuli, nakoroga kwa mwiko, polepole, nikiisukuma krimu kwenye ukuta wa bakuli ili viputo vitoke. Mashine haigusi tena. Nafunika, naacha hadi asubuhi.

Vitabu vya mapishi huandika "rangi itakolea ikilala" kana kwamba ni ahadi ya serikali. Mara nyingi ni kweli. Lakini nimewahi kulala na pinki nikaamka na pinki, jeli ile ile, kipimo kile kile, na nikabaki nimesimama mbele ya friji kama mtu aliyeibiwa. Siku hizi sijiwekei dhamana kwa wekundu mtupu. Natia kijiko cha kakao kwenye krimu kabla ya rangi, napata wekundu wa tofali ambao kwa gari la zimamoto unakubalika kabisa. Kwa nyeusi ndiyo sithubutu kuanzia kwenye nyeupe. Naanza na krimu ya chokoleti iliyoshiba kakao, kisha jeli kidogo tu inatosha.

Na je, ni lazima gari lote liwe jekundu? Mtoto wa miaka minne anatambua zimamoto kwa ngazi na magurudumu. Ngazi ni vijiti vya biskuti, magurudumu ni biskuti za duara, wekundu ukae kwenye mlango na taa. Sherehe moja niliwapa watoto keki iliyopakwa nyekundu kila upande. Ndimi nyekundu, mashati mekundu, na kesho yake asubuhi mama mmoja akanipigia kwa sauti ya chini kuhusu choo cha mwanawe. Ilikuwa rangi tu. Lakini mweleze mama huyo hivyo saa kumi na mbili asubuhi.

Chokoleti nyeupe ni kesi yenye makosa yale yale, ila hukumu inatoka papo hapo. Tone moja la rangi ya maji kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, na sukari iliyomo inalinyakua, inashikana, bakuli zima linakuwa udongo wa kufinyangia. Hapo ni rangi ya mafuta au ya unga, basi. Ikishaganda, usihangaike kuirudisha ilivyokuwa: mimina maziwa ya moto, koroga, uwe mchuzi wa kuchovyea matunda. Ajabu ni kwamba maji kidogo ndiyo huiharibu, na maji mengi huilainisha.

"Basi nitumie rangi za asili." Tumia, lakini nazo zina vituko vyake. Maji ya bitiruti yanapendeza kwenye krimu, ndani ya keki iliyookwa yanaishia kahawia. Maji ya kabichi ya zambarau ukiyatia chembe ya soda yanageuka buluu, ukiyatia ndimu yanakuwa pinki. Watoto wakubwa waache wafanye wenyewe, ni mchezo tosha. Bizari ya manjano, nayo, ikikutana na soda inageuka wekundu wa kutu. Niligundua hilo siku niliyooka keki ya jua bila kuchekecha soda vizuri. Ilitoka njano yenye mabaka ya kahawia. Nikabandika pembe mbili na shingo ya biskuti, nikatangaza twiga. Hakuna aliyeuliza jua liko wapi.

Wazazi huniuliza kama rangi za dukani zinawachangamsha watoto kupita kiasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliotoka mwaka 2007 ulijaribu michanganyiko ya rangi pamoja na kihifadhi kimoja, ukaona athari ndogo kwa baadhi ya watoto, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka onyo kwenye vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa. Mimi nasoma kibandiko na natia kidogo. Na ili mtoto asikabwe mezani, bisi na karanga nzima usiwape walio chini ya miaka mitano, zabibu zipasue kwa urefu mara nne, na uliza habari za mzio kabla hujaokea, si mezani.

Dada wa zimamoto nilimwambia aipake keki krimu nyeupe, mlango tu ndio upate ile pinki yake, bakuli lililobaki alifunike aliweke kwenye friji. Sherehe ikaisha salama. Asubuhi iliyofuata nikapata picha ya bakuli lile lile, krimu nyekundu kama pilipili, na maneno mawili: "Dada, jamani."