Kwa nini vyumba vya Lamu ni vyembamba?

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu mji ulibanana na viwanja vilikuwa haba. Ukipita kwenye vichochoro vyake, hoja hiyo inaingia akilini.

Lakini inua macho utazame dari. Utaona boriti za mikoko, nyeusi kwa miaka, zimelala kukata upana wa chumba, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu ya namna hiyo ni nzito mno. Boriti ikizidi urefu wa karibu mita 3 hivi, inapinda. Basi fundi aliubana upana na kuurefusha urefu: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha ndani (chumba cha ndani kabisa), vyote virefu na vyembamba.

Ukitaka uhakika, beba futi ya kupimia upime upana wa vyumba. Au nenda magofu ya Gedi, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi: huko nafasi ilikuwapo, na vyumba bado ni vyembamba. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito zaidi.