Shavu Kufa Ganzi Baada ya Ajali: Maswali na Majibu Kuhusu Neva ya Chini ya Jicho

Nilianguka na bodaboda. Uvimbe umepungua, lakini shavu na mdomo wa juu upande mmoja bado vina ganzi. Kuna nini?

Kwanza fikiria mfupa. Ganzi ya namna hiyo, ya upande mmoja, kuanzia chini ya jicho hadi mdomo wa juu, mara nyingi inaonyesha kwamba mfupa wa shavu au ule mwembamba unaobeba jicho umepasuka na kuibana au kuiponda neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita hapo. Uvimbe ukipungua watu hudhani mambo yamekwisha, kumbe ndio wakati wa kurudi hospitali kupigwa picha. Mfupa wa shavu uliosogea ni vizuri urekebishwe ndani ya wiki mbili hivi. Ukishaanza kuunga vibaya, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Neva hiyo ni ipi, na inapita wapi?

Madaktari huiita neva ya infraobitali. Ni tawi la neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, na hiyo ya tano ndiyo inayopokea hisia za karibu uso mzima. Tawi hili hupita ndani ya sakafu ya tundu la jicho, kwanza katika mfereji ulio wazi juu, kisha katika njia iliyofunikwa na mfupa. Juu yake kuna jicho, chini yake kuna uwazi wenye hewa ndani ya shavu, yaani sainasi. Mfupa wa hapo ni mwembamba sana, ndiyo maana ngumi, mpira au usukani wa pikipiki ukigonga eneo hilo, neva haisalimiki.

Hutokea usoni kupitia kitundu kilicho chini kidogo ya ukingo wa tundu la jicho, pungufu ya sentimita moja kwa watu wengi. Tazama mbele moja kwa moja, kisha shusha kidole kutoka katikati ya mboni ya jicho hadi uvuke ule ukingo mgumu wa mfupa. Ukibonyeza hapo utahisi kauchungu fulani. Kutoka hapo inasambaa kwenye kope la chini, ubavu wa pua, shavu na mdomo wa juu. Kabla ya kutokeza huwa imeshatoa vijitawi vinavyokwenda kwenye meno ya mbele ya juu na ufizi wake, na ndiyo sababu baadhi ya majeruhi husema meno yao "yamekuwa kama si yangu".

Nitapimaje hisia?

Chukua pamba, iviringe ncha. Mgonjwa afumbe macho. Mguse taratibu chini ya jicho la upande mzima, kisha upande ulioumia, umuulize kama anahisi sawasawa. Fanya hivyo hivyo ubavu wa pua na mdomo wa juu, halafu gusa ufizi juu ya meno ya mbele.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya nasisitiza hili: pimeni hisia kabla ya kuchoma sindano ya ganzi ya kushonea mdomo. Ukishachoma, huwezi tena kujua kama ganzi ni ya dawa au ya mfupa uliovunjika, na mgonjwa ataondoka na jeraha lililoshonwa vizuri na mfupa ambao hakuna aliyeutafuta. Iandikeni kwenye faili, hata kama hisia ziko sawa.

Dalili gani nyingine zinaonyesha mfupa umevunjika?

Kuona vitu viwili viwili, shavu kubonyea, mdomo kutofunguka vizuri, damu kutoka puani upande huo. Ukiwa na wasiwasi huo, usipenge kamasi, kwa sababu hewa ya sainasi inaweza kusukumwa hadi kuzunguka jicho.

Mtoto anahitaji uangalizi wa pekee. Mifupa yake hujikunja na kurudi, na inaweza kuunasa msuli wa jicho kama mtego. Jicho linaweza kuonekana jeupe, halina hata damu, lakini mtoto anatapika, amelegea, hawezi kutazama juu. Huyo apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Je, si kiharusi?

Neva hii ni ya hisia tu, haisogezi msuli wowote. Shavu likiwa na ganzi baada ya kugongwa lakini unatabasamu sawasawa, tatizo linaelekea kuwa kwenye neva hii. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo ni dharura nyingine. Nenda hospitali mara moja.

Hisia zitarudi?

Kwa wengi hurudi, ndani ya wiki kadhaa au miezi. Nyuzi za neva zilizokatika huota polepole, takribani milimita 1 kwa siku. Kuhisi kama sisimizi wanatembea shavuni mara nyingi ni dalili njema. Wapo wanaobaki na ganzi kidogo. Wakati huo angalia chai ya moto na uji, unaweza kuungua mdomo usijue.

Kwa nini daktari huchoma sindano eneo hilo?

Dawa ya ganzi kama lidokaini ikiwekwa karibu na kile kitundu, upande huo wote wa mdomo wa juu unatulia bila kuuvimbisha kwa dawa. Kingo za jeraha zinakutana sawasawa, jambo muhimu sana pia katika upasuaji wa mdomo sungura. Mchomaji huweka kidole kwenye ukingo wa mfupa kulinda jicho, na huvuta bomba nyuma kwanza kuhakikisha hajaingia kwenye mshipa wa damu.

Napata maumivu kama shoti ya umeme shavuni. Ning'oe jino?

Usikimbilie. Maumivu ya ghafla ya sekunde chache, yanayoamshwa na kunawa uso, kutafuna au upepo, yanaweza kuwa ya neva ya tano yenyewe. Wapo waliong'oa meno mazima, moja baada ya jingine, na maumivu yakabaki. Yapo matibabu, kwa kawaida huanza na karbamazepini, lakini lazima iandikwe na kufuatiliwa na daktari.

Na ganzi iliyoanza yenyewe, bila kugongwa?

Hiyo usiisubiri. Ikiambatana na pua kuziba upande mmoja, damu puani, meno ya juu kulegea au shavu kuvimba, uvimbe wa saratani ndani ya sainasi lazima utafutwe. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa upasuaji wa kinywa na taya, na umweleze ganzi ilianza lini na inaishia wapi.