"Manispaa ya zamani" sio mji mkongwe

Jamani hili limenichosha. Juzi jamaa yangu anayepanga kuja Turku, mji wa Ufini, likizo kaniuliza eti magofu ya Nagu yapo upande gani, maana kasoma mahali kwamba Nagu ni "manispaa ya zamani ya Ufini". Magofu! Kichwani mwake keshajenga Kilwa Kisiwani yenye theluji.

Maana yenyewe ni fupi. Nagu ni eneo la visiwa kusini-magharibi mwa Ufini, lilikuwa na halmashauri yake mpaka mwisho wa 2008, tarehe 1 Januari 2009 likaunganishwa na Pargas, Korpo, Houtskär na Iniö kuwa manispaa moja. Basi. Kilichoondoka ni hadhi, watu wapo, kanisa lao la mawe lipo, na kiangazi bandari inajaa boti mpaka unakosa pa kukaa unywe kahawa.

Tatizo ni hilo neno "ya zamani", kwetu linabeba mizigo miwili. Sarafu ya zamani ni kuukuu, sawa, lakini mume wa zamani si lazima awe mzee, anaweza kuwa na miaka 30, kaachwa tu. Nagu ni kama huyo mume. Na hakuwa peke yake, maana siku hiyo hiyo manispaa za Ufini zilishuka kutoka 415 hadi 348, zote zile zilizopoteza hadhi utaziita magofu?

Halafu "manispaa" nayo inatupotosha. Mtanzania akisikia manispaa anawaza Kinondoni, Morogoro, yaani daraja la mji, lipo juu ya halmashauri ya mji na chini ya jiji. Kule hakuna ngazi hiyo, Kiswidi (moja ya lugha mbili za Ufini) wanasema kommun, neno lenye asili ya Kilatini kwa maana ya kitu cha wote, na Kifini wanasema kunta, ambalo ni neno lao wenyewe la watu walio pamoja, ndo maana utalikuta hata kwenye eduskunta, bunge. Maana ya mji haimo kabisa kwenye maneno hayo. Iniö ilikuwa na watu kama 250 na bado ilikuwa kommun kamili! Kwetu hao hawatoshi hata kuitwa kijiji.

Kingine, ukiona Nagu na Nauvo kwenye ramani usihesabu visiwa viwili. Ni sehemu moja, Nagu kwa Kiswidi, Nauvo kwa Kifini. Sheria ya Ufini inaihesabu manispaa kuwa ya lugha mbili kama wale wa lugha ya wachache wamefika asilimia 8 au watu 3,000, na kibao cha barabarani kinatanguliza lugha ya walio wengi, kwa hiyo hapo Nagu inakaa juu, Nauvo chini yake. (Na wanaoongea Kiswidi pale sio Waswidi, ni Wafini, tafadhali.) Wala usiwachanganye na Åland, visiwa vingine vya Ufini, ile ina serikali yake ya ndani na lugha rasmi moja tu, Kiswidi.

Kilichonichekesha mimi ni jina la huo muungano. Mwanzo waliita Väståboland, Kifini Länsi-Turunmaa, yaani nchi ya Turku ya magharibi, manake Turku kwa Kiswidi ni Åbo. Jina refu, halina mwenyewe, likadumu miaka mitatu tu, 2012 wakarudi kwenye Pargas, Kifini Parainen, jina la yule mkubwa wao. Kwa hiyo leo kiutawala Nagu ni sehemu ya Pargas, ila ukitoka Pargas mjini bado unafika ukingoni Lillmälö, unapanga gari foleni, unapanda feri ya njano bila kulipa hata senti kwa sababu inahesabiwa kama barabara, dakika kama kumi uko Prostvik, na anwani za barua huko bado zinaandikwa 21660 Nagu.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotafsiri, andikeni "iliyokuwa manispaa", ni silabi moja tu ya ziada. Jamaa yangu nimemwambia aje hivyo hivyo, kamera abebe, ila apige picha feri.