Maoni ya umma kuhusu ushuru wa malighafi: anayeulizwa hasa ni nani?

Bati la geji 30 likifika dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi, limeshapita mikononi mwa watu ambao hawakubaliani hata jina la kuliita. Mwenye kiwanda kikubwa ananunua nje koili nzito za chuma, yaani chuma bapa kilichoviringishwa kama mkeka, anazipunguza unene kwa mitambo yake, anazipaka zinki, kisha anauza koili nyembamba zinazong'aa. Kwake koili hiyo inayong'aa ni bidhaa iliyokamilika. Mwenye kiwanda kidogo hana mitambo hiyo. Ana mashine ya kukunja tu, na koili inayong'aa akiiagiza kutoka ng'ambo, kwake ni malighafi. Naye mama anayeezeka nyumba Bungoma au Singida hana habari ya koili. Anajua bei ya bati.

Serikali ikitaka kupandisha ushuru wa koili zilizopakwa zinki kutoka nje ili kulinda viwanda vya ndani, inalinda kiwanda kipi? Karani wa forodha hawezi kujibu swali hilo akiwa peke yake mezani. Ndiyo maana kabla ya kiwango kupanda, serikali hutangaza pendekezo, huwapa watu muda wa kusema, hupokea hoja zao kwa maandishi au kwenye vikao, kisha huamua. Kenya huita hatua hiyo ushirikishwaji wa umma. Tanzania mara nyingi utasikia maoni ya wadau. Majina hayo mawili hayana maana moja kamili, na tofauti yake nitaigusa mbele.

Kwanza ushuru wenyewe. Ushuru wa forodha mara nyingi hutozwa kwa asilimia ya thamani ya mzigo: bei ya kununulia, pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Tuseme koili zimefika Mombasa zikiwa na thamani ya shilingi milioni moja. Kwa ushuru wa asilimia 10, mwenye mzigo analipa 100,000. Kiwango kikipanda hadi asilimia 25, analipa 250,000. VAT nayo hukokotolewa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru, kwa hiyo inavimba vilevile. Mwenye kiwanda aliyesajiliwa ataidai VAT yake, lakini ile 150,000 ya ziada haina pa kudaiwa ila kwa mnunuzi wa bati.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki viwango hivi havipangwi na nchi moja moja. Tangu Umoja wa Forodha uanze kazi Januari 2005, kuna Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha kwa mizigo itokayo nje ya Jumuiya. Vilianza na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo nchi wanachama ziliona zinaweza kujitengenezea zenyewe, zikiwamo nguo, samani, mafuta ya kula na aina kadhaa za bidhaa za chuma.

Ukizitazama ngazi hizo utaona kiini cha ugomvi. Kiwango cha kulipa kinategemea jibu la swali moja: hiki ni malighafi, au ni bidhaa? Na jibu linategemea umesimama kiwanda gani. Kwa hiyo kelele nyingi za maoni ya ushuru, hata zikizungumza ajira na uzalendo, ni ubishi juu ya mahali pa kupiga mstari. Anayetengeneza kitu anataka kiitwe bidhaa, kipandishwe ngazi. Anayekitumia anataka kiendelee kuitwa malighafi, kibaki chini.

Nchi ikitaka kuachana na kiwango cha pamoja kwa muda, inaomba. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kabla ya bajeti, kwa kawaida mwezi Mei, wakakubaliana nani apandishe nini, ashushe nini. Makubaliano huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Ndiyo ile sentensi inayorudi kila Juni katika hotuba za bajeti Dodoma: kutoza asilimia kadhaa badala ya asilimia kadhaa, kwa mwaka mmoja, lengo likiwa kulinda viwanda vya ndani. Anayesubiri hotuba ndipo aandike barua ya kulalamika amechelewa miezi. Maombi ya viwanda yalikwisha kukusanywa na wizara, yakachambuliwa na kikosi kazi, yakapelekwa kwa mawaziri wa nchi wanachama. Muswada wa Sheria ya Fedha utafika mbele ya kamati ya Bunge na wadau wataitwa, lakini kamati ile haiwezi kubadili yaliyokwisha kufungwa na nchi zote kwa pamoja.

Mfano wa Tanzania wa 2018/19 unaonyesha mstari ule ukipigwa upande wa mkulima. Mafuta ghafi ya kula kutoka nje, ambayo viwanda vya kusafisha huyaita malighafi bila kusita, yaliwekewa asilimia 25, na yaliyosafishwa asilimia 35. Kwa mkulima wa alizeti wa Singida, mafuta ghafi ya mawese hayajawahi kuwa malighafi. Ni mshindani anayeshuka melini. Mwenye kiwanda cha kusafisha anayaona kwa jicho jingine kabisa, na wote wawili wana hoja.

Ipo pia njia ya kando, nayo ni tozo. Ushuru wa pamoja unapitia Arusha, makao makuu ya Jumuiya, lakini tozo ya ndani inaweza kuwekwa na Bunge la nchi yenyewe. Kenya ilifanya hivyo katika Sheria ya Fedha ya 2023: ikaanzisha tozo ya kuendeleza uwekezaji na mauzo ya nje, asilimia 17.5 kwa klinka ya saruji na kwa chuma kilichotengenezwa nusu, kikiwamo kile kinachoviringishwa kuwa nondo. Vitu vitokavyo ndani ya Jumuiya na kutimiza masharti ya asili ya bidhaa viliachwa nje ya tozo.

Klinka inafaa kuelezwa, maana ni mfano safi kuliko wote. Ni vile vijiwe vya kijivu vinavyotoka baada ya chokaa na udongo kuchomwa kwenye tanuri kwa joto la kama nyuzi 1,450 za Selsiasi. Ukivisaga pamoja na jasi kidogo unapata saruji. Kujenga tanuri kunahitaji mtaji mzito, machimbo ya chokaa na umeme usiokatika. Kujenga kinu cha kusaga ni rahisi zaidi. Basi sekta ya saruji ina watu wa tanuri na watu wa kinu. Mtu wa tanuri akisikia klinka ya nje imeongezewa asilimia 17.5, anaona soko limefunguka. Mtu wa kinu anaona malighafi yake kuu imepanda, na kwamba muuzaji aliyebaki karibu naye ndiye mshindani wake. Wote wawili wataingia kwenye ukumbi mmoja wa kamati, na wote watasema wanatetea viwanda vya Kenya. Hakuna anayedanganya.

Sheria hiyohiyo ya 2023 ndiyo iliyopeleka mahakamani swali la maoni ya umma lina uzito gani. Katiba ya Kenya ya 2010 inalitaja jambo hili waziwazi: ibara ya 10 inaliweka kati ya maadili ya taifa, ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma katika kazi zake, ya 201 inalihusisha na fedha za umma. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha sheria nzima. Miongoni mwa sababu zake, kuna vifungu vilivyochomekwa bungeni baada ya wananchi kumaliza kutoa maoni, na Bunge halikueleza kwa nini liliyakubali maoni haya na kuyaacha yale. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Ilisema si kila badiliko linalofanywa baada ya maoni ni lazima lirudishwe kwa umma upya, na kwamba hakuna kifungu cha wazi kinacholilazimu Bunge kutoa sababu kwa maandishi.

Kisheria jambo limekwisha. Mimi binafsi naona ile hoja ya kutoa sababu ilikuwa ndiyo roho ya kesi, hasa kwa ushuru. Mtu akiandika kurasa kumi kuonyesha kwamba klinka ya ndani haitoshi, kisha kiwango kikapanda bila neno, hajui kama hoja yake ilikuwa dhaifu au haikusomwa. Afrika Kusini wana utaratibu unaokaribia kunifurahisha. Kiwanda kikitaka ushuru upandishwe, kinaomba kwa tume iitwayo ITAC. Ombi linatangazwa katika Gazeti la Serikali, wapinzani wanapewa wiki nne, kisha tume inachapisha ripoti inayopitia hoja za kila upande na kueleza ilifikaje ilipofika. Unaweza kushindwa, lakini unajua umeshindwa wapi.

Je, maoni hubadili kitu? Hubadili, ila mahali padogo kuliko watu wanavyodhani. Agosti 2018 Marekani ilisikiliza mashahidi zaidi ya 300 kwa siku sita mjini Washington kuhusu ushuru wa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 200. Orodha ilijaa kemikali, vipuri na malighafi za viwanda, na kila shahidi alipewa dakika tano. Wengi walipinga. Septemba ushuru ukaanza vilevile, kwa asilimia 10. Lakini mistari 297 ya orodha ilikuwa imeondolewa, mingine kikamilifu, mingine kwa sehemu, na humo zilikuwamo helmeti za baiskeli, viti vya watoto vya garini na baadhi ya kemikali. Aliyesema "ushuru huu ni mbaya" hakupata kitu. Waliopata walikuwa wenye kitu mahususi cha kuondoa.

Ndiyo sababu watu wa kazi hii huanza na namba, si na hisia. Kila kitu kinachovuka mpaka kina namba katika HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa: tarakimu sita za mwanzo zinafanana duniani, na Afrika Mashariki huongeza mbili. Klinka ni 2523.10.00. Chuma bapa kilichopakwa zinki na mengineyo kinaanzia 7210, nondo zinaanzia 7214. Maoni yanayosema "msipandishe bei ya vifaa vya ujenzi" yanasomwa na kuwekwa kando, kwa kuwa hakuna mstari katika sheria unaoitwa vifaa vya ujenzi. Maoni yanayotaja namba, kiwango cha sasa, kiwango kinachopendekezwa, tani zinazotumika kwa mwaka, tani zinazoweza kutengenezwa nchini na gharama itakayoongezeka kwa kila tani, hayo yanamlazimu afisa kuyajibu. Wakati mwingine hata kupinga si lazima. Unaweza kuomba namba igawanywe, unene fulani wa koili usiotengenezwa nchini ubaki chini na uliobaki upande. Au ukaomba unafuu wa ushuru kwa kiasi maalumu, kwa kiwanda kinachothibitisha kwamba kitakitumia chenyewe wala hakitakiuza sokoni kama kilivyo.

Sasa lile suala la majina. Ukilisikiliza neno mdau, ndani yake kuna dau, kile ambacho mtu ameweka mezani. Mwenye tanuri ana dau la mabilioni na analijua hadi senti. Mwenye kinu vilevile. Kwa hiyo wanaajiri wanasheria, wana shirikisho la wenye viwanda, wanajua tarehe ya mwisho ya kupeleka hoja. Mama wa bati naye ana dau, lakini limekatwa vipande vidogo: shilingi kadhaa kwa bati moja, mabati ishirini, mara moja katika maisha. Hakuna atakayefunga duka akapande basi kwenda Nairobi kwa ajili ya shilingi hizo, ingawa zikijumlishwa kwa nchi nzima ni fedha nyingi kuliko za wenye viwanda wote waliokaa ukumbini. Sheria inamwita umma. Kiti chake kwenye kikao mara nyingi kiko wazi, na anayemsemea ni yule ambaye kwa siku hiyo maslahi yake yamefanana na ya kwake: safari hii muagizaji wa koili, safari ijayo mwenye tanuri.

Vyama vya watumiaji bidhaa vingeweza kukikalia kiti hicho. Mafundi pia, na wenye viwanda vidogo vya milango na madirisha pembezoni mwa mji, ambao hununua chuma kilo kwa kilo na huona bei ikipanda siku ileile meli inapochelewa. Tangazo lenyewe huwa dogo, kwenye gazeti au tovuti ya wizara, likiwa na jina la muswada, anwani ya kupeleka maoni na siku chache za kufanya hivyo. Neno bati halitakuwamo. Tafuta 7210.