Dingir: nyota inayotangulia jina la mungu

Ukisoma maandishi ya Mesopotamia, yaani Iraki ya kale, yaliyochapwa kwa herufi zetu, utaona "d" ndogo imepachikwa juu, mwanzoni mwa jina: ᵈEnlil, ᵈInanna, ᵈGilgamesh. Ni kifupi cha dingir, neno la Kisumeri lenye maana ya mungu. Huandikwa kwa "ng", ila sauti yenyewe ni ile ng' ya ng'ombe, kwa hiyo mdomo wa Mswahili haupati shida nalo: ding'ir.

Mwandishi wa Uruk au Nippur, miji ya huko, hakuwa na hiyo "d". Alichora nyota kwenye udongo mbichi, mistari minne inayokatana katikati ikatoa ncha nane. Baadaye kalamu ya tete ikawa inagandamizwa badala ya kuburuzwa, na nyota ikabaki vijikabari vichache tu. Alama hiyohiyo ilisomwa pia an, yaani mbingu. Ikitangulia jina haikutamkwa. Ilikuwa ya macho: anayefuata hapa ni mungu. Na ilihitajika kwelikweli, kwani Sin, mungu wa mwezi, aliandikwa mara nyingi kwa nyota na tarakimu 30, hesabu ya siku za mwezi mmoja. Ondoa nyota, umebaki na thelathini, pengine ya kondoo.

Enlil wa Nippur na Enki wa mji wa Eridu ni miungu bila utata. Anayenigusa mimi ni Gilgamesh, shujaa na mfalme wa Uruk. Mama yake, Ninsun, ni mungu. Baba yake, Lugalbanda, naye alikuwa mfalme wa Uruk. Na utenzi unaomhusu unasema yeye ni theluthi mbili mungu, theluthi moja mtu. Jina lake limo katika orodha ya miungu iliyoandikwa katika mji wa Shuruppak yapata mwaka 2600 KK, na watu walimtolea sadaka. Lakini ni huyuhuyu anayemlilia rafiki yake Enkidu, akikataa maiti izikwe mpaka funza alipodondoka puani. Anakwenda mwisho wa dunia kuutafuta uzima, anarudi mikono mitupu, na mwishowe anakufa. Huko kuzimu akafanywa mwamuzi wa wafu.

Kwa hiyo tusitafsiri dingir kuwa "asiyekufa". Dumuzi, mume wa mungu wa kike Inanna, ana nyota, na bado alikokotwa kuzimu. Nionavyo, nyota ilimtambulisha anayepaswa kuhudumiwa: mwenye sadaka zake na mahali pake pa ibada, ambaye nguvu zake watu walizitegemea.

Ndiyo maana hata mtu aliye hai aliweza kuipata. Wa kwanza tunayemjua ni Naram-Sin, mfalme wa Akkad katika karne ya 23 KK. Maandishi kwenye sanamu ya shaba iliyopatikana Bassetki, kaskazini mwa Iraki, yanaeleza kwamba maadui walimwasi kutoka pande nne, naye akashinda vita tisa ndani ya mwaka mmoja. Wenyeji wa mji wake wakawaomba Ishtar (ndiye Inanna kwa Kiakadi), Enlil na miungu mingine awe mungu wa mji wao, wakamjengea hekalu. Jiwe lake la ushindi, lililoko Louvre, Paris, linamwonyesha akipanda mlima, kichwani kofia yenye pembe kama za miungu, maadui wakiwa miguuni pake. Juu kabisa, juu ya kilele chenyewe, mchongaji aliweka nyota.