Miaka minane nyuma ya jina la Dkt. Omalu

Vijana wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa taaluma huja na picha za ndugu zao waliofanikiwa ughaibuni: koti jeupe, nyumba, gari. Huuliza waanzie wapi. Mimi huwasimulia habari za Dkt. Bennet Omalu, na hukaa zaidi kwenye sehemu ambayo picha haziionyeshi.

Omalu alizaliwa Nigeria mwaka 1968, vita vya Biafra vikiwa vimepamba moto, akasomea udaktari huko huko. Mwaka 1994 alikwenda Seattle, Marekani, kusoma epidemiolojia. Kwao alikuwa daktari kamili. Kule akarudi darasani. Kutoka Seattle alikwenda hospitali ya Harlem, New York, kujifunza patholojia, kisha Pittsburgh kujifunza uchunguzi wa vifo na maradhi ya ubongo. Mpaka 2002 ilikuwa imepita miaka minane.

Septemba mwaka huo uliletwa mwili wa Mike Webster, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, aliyefariki na miaka 50 baada ya akili yake kuvurugika kwa muda mrefu. Kwa macho, ubongo wake haukuwa na kasoro. Omalu angeweza kufunga jalada hapo. Badala yake aliuhifadhi, akaukatisha vipande vyembamba na kuvipima kwa hadubini, gharama akizitoa mfukoni mwake. Akakuta protini iitwayo tau imerundikana mahali isipostahili, dalili ya ubongo ulioharibika kwa kugongwa kichwa mara kwa mara. Matokeo yalichapishwa 2005, na madaktari wa kamati ya NFL, ligi ya mchezo huo, wakadai makala yafutwe. Hayakufutwa. Mwaka 2009 msemaji wa ligi alikiri kwamba mitikisiko ya ubongo inaweza kuacha madhara ya muda mrefu.

Omalu ni kifupi cha jina la Kiigbo lenye maana ya "ajuaye na ajitokeze aseme". Alisema, na alipobishiwa hakuna aliyeweza kudai kwamba hajasomea ubongo.

Miaka ile minane kila mtaalamu anayehama ana ya kwake, mirefu au mifupi. Daktari anayelenga Marekani hupitia ECFMG, taasisi ya huko inayowahakiki madaktari waliosomea nje, ambayo huthibitisha shahada kwa chuo kilichoitoa. Nakala uliyogongesha muhuri kwa wakili haitoshi. Kuna mitihani pia, kisha kwa kawaida mafunzo ya hospitali ya miaka mitatu au zaidi, hata kama hapa ulikuwa bingwa. Muuguzi anayekwenda Uingereza hupimwa Kiingereza, hufanya mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo, na baraza lililomsajili nyumbani hutakiwa kuthibitisha usajili wake.

Kinachoniuma ni wale wanaosafiri kwanza, wakaanza kutafuta vyeti wakiwa huko. Kubeba boksi, yaani vibarua vya huko wakati wakisubiri, ni kazi halali, na imesomesha watoto wengi. Lakini muuguzi akibeba boksi miaka sita, ujuzi wake unachakaa, na siku akiomba usajili ataulizwa mara ya mwisho kumhudumia mgonjwa ilikuwa lini. Wakati huo chuo chake kinaweza kuwa kimebadili jina, na msajili aliyemfahamu ameshastaafu.

Basi kabla ya kukata tiketi, nenda kwa msajili wa chuo chako. Hakikisha jina lililo kwenye cheti na lililo kwenye pasipoti ni moja, herufi kwa herufi. Omba matokeo yako ya kila mwaka na uulize chuo hujibu vipi maombi ya uhakiki kutoka nje. Fanya hivyo sasa, wakati ofisi hiyo bado unaifikia kwa daladala.