Njiti na sindano: yanayosemwa wodini na ukweli wake

"Bado mdogo mno, hasikii maumivu yoyote." Dhana hii ni kongwe, na waliokuwa wakiishikilia ni madaktari wenyewe. Hadi miaka ya 1980, huko Ulaya na Marekani, kuna njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi, waliopasuliwa kifua wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli tu, wasitikisike, huku ya maumivu ikiwa kidogo au hakuna kabisa. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti kuhusu njiti waliofungwa mshipa ulio karibu na moyo: waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, miili yao ilishtuka kidogo, na matatizo baada ya upasuaji yakapungua. Leo inajulikana kwamba njia za kupeleka maumivu kwenye ubongo wa njiti zinafanya kazi, ila zile za kuyatuliza bado changa. Yaani anaweza kuumia kuliko aliyetimiza miezi yake.

"Angeumia angelia." Kulia kunataka nguvu. Njiti wa wiki 28 akitobolewa kisigino ili achukuliwe damu anaweza kukunja uso, kutanua vidole, kisha akalegea tu. Mengine utayaona kwenye mashine: mapigo ya moyo yanapanda, oksijeni inashuka. Huwa naumia nikisikia mtoto wa hivyo akisifiwa kwamba ni mpole.

"Mama asubiri nje." Kuna hatua zinazolazimu hivyo, lakini si kutoboa kisigino. Mtoto aliyelazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tangu kabla ya kutobolewa huonyesha maumivu machache. Tafiti nyingi zimeliona hilo. Kifua cha baba nacho kinafaa. Na wanaohofia kwamba njiti hawezi kutolewa kwenye mashine ya joto wakumbuke utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania: walioanzishiwa kangaroo, yaani kulazwa kifuani ngozi kwa ngozi, mapema, hata kabla hali haijatulia, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25.

"Mpapase atulie." Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni, sawa. Njiti, vidole vinavyopita huku na huku vinamchosha. Nawa mikono, weka kiganja kimoja kichwani, kingine kikusanye miguu yake ikunjwe kama alivyokuwa tumboni, halafu tulia hivyo hivyo. Sindano ikitoka usiondoe mikono. Ngoja pumzi yake irudi taratibu. Hapa ndipo wengi wetu tunaharakisha.

"Mkorogee maji ya sukari." Hapana. Hospitali zina myeyusho wa sukari uliopimwa, matone machache ulimini kama dakika 2 kabla ya sindano, na anayetoa ni nesi. Maziwa yako uliyoyakamua nayo yanasaidia. Uliza kama anaruhusiwa kuonjeshwa.

Na asubuhi ukifika wodini, muulize nesi: "Leo mtamtoboa saa ngapi?" Uwe umeshafungua vifungo vya blauzi kabla trei haijafika.